Sanduku la Sauti: Mwimbaji Akiondoka, Bendi Inabaki na Nini?

Barua zilizofika safari hii karibu zote zinahusu roki mpya, ile inayoitwa indie na ile inayoitwa mbadala. Nimefurahi, maana nilipoanza ukurasa huu niliombwa mara tatu niuache muziki huo kwa watoto wa shule za kulipia. Nimezijibu nikiwa Tabata nyuma ya miksa, mchana, ukumbi mtupu, nikiwasubiri watu wa mapambo washuke ngazi zao ili nipime spika kabla ya harusi.

Dada, mwezi uliopita uliandika kwamba Black Country, New Road wangebadilisha jina baada ya mwimbaji wao kuondoka. Umeniudhi. Albamu yao ya 2025 uliisikiliza mpaka mwisho, au uliandika kwa kuonja tu? — Msomaji wa Arusha

Una haki ya kuudhika. Niliandika baada ya kusikia nyimbo tatu, tena ndani ya daladala, na mtu hahukumiwi hivyo. Tangu barua yako ifike nimeisikiliza Forever Howlong yote mara nne, mara ya mwisho usiku kwa hedifoni zangu za kazi, nyumba nzima imelala. Nalifuta lile neno langu.

Kwa wasiojua kisa: hii ni bendi ya Uingereza, iliyokulia kwenye baa ndogo ya Windmill, Brixton, kusini mwa London, ambako bendi za black midi na Squid nazo zilijulikana. Tarehe 31 Januari 2022 Isaac Wood, aliyekuwa akiimba na kupiga gitaa, alitangaza kwamba anaondoka. Siku nne baadaye, tarehe 4 Februari, albamu yao ya pili, Ants From Up There, ikaingia sokoni na kusifiwa kila kona. Mzigo ndio kwanza unafika dukani, na mwenye sauti keshaondoka. Wakabaki sita.

Mimi nimelelewa na muziki wa dansi, na kwetu mwimbaji kuhama bendi ni jambo la kawaida. Muhidin Gurumo alipotoka Juwata mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, Juwata haikufunga milango. Leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Wimbo kwetu ni mali ya bendi. Anayekuja anaukuta, anajifunza, anauimba. Kwa hiyo niliposikia kwamba wale sita wamekataa kupiga hata wimbo mmoja wa enzi za Wood, niliona kama wamehama nyumba wakaondoka na kibao cha mlangoni. Kibao cha nini, nikauliza.

Sasa naona nilikosea wapi. Wood mwenyewe, alipoaga, alieleza kwamba huzuni na hofu vimefika mahali ambapo kuimba huku anapiga gitaa kumekuwa kugumu. Rudi usikilize albamu ile ukilijua hilo. Maneno yake yametoka kwenye kidonda chake. Kumpa mwingine ayaimbe jukwaani kila usiku ni sawa na kumvisha nguo za mgonjwa. Wenzake walilijua hilo kabla yetu. Walikuwa na maonyesho ya kiangazi yaliyokwisha kupangwa, wakaketi wakatunga nyimbo mpya kabisa, wakaenda nazo mbele ya watu ambao hawajawahi kuzisikia. Desemba mwaka uleule walizirekodi jukwaani Bush Hall, London, na mwaka 2023 zikatoka kama albamu. Kwa mtu aliyewahi kusimama nyuma ya bendi inayopiga wimbo usiojulikana na watu wamenyamaza, ule ni ujasiri ambao siwezi kuupitia juujuu.

Kwenye Forever Howlong wanaoimba kwa zamu ni wanawake watatu: Tyler Hyde, Georgia Ellery na May Kershaw. Wimbo uliobeba jina la albamu ndio ulionishinda nguvu. Kershaw anaimba, na wenzake wote wameweka vyombo vyao chini wakashika zile filimbi za kujifunzia watoto shuleni Ulaya. Hakuna dramu. Hakuna besi. Ukivaa hedifoni nzuri unasikia pumzi ikiingia kwenye filimbi kabla sauti haijatoka, na unasikia kwamba wanapumua pamoja. Watu wamekaa chumba kimoja kwa muda mrefu mpaka pumzi zao zimelingana, na mimi hiyo ndiyo naiita bendi. Jina ni lao, na wamelipata kwa jasho.

Bado nasema katikati ya albamu kuna nyimbo mbili zinazozunguka bila kufika. Hapo sifuti.

Mwanangu ana miaka kumi na sita, ananipigia Dry Cleaning asubuhi mpaka magharibi. Yule mwanamke haimbi, anasema tu, kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Huo nao ni muziki? — Mzee wa Lamu

Shikamoo mzee. Swali hili likitoka Lamu lina uzito wake, maana huko kwenu ndiko watu wanakojua kwamba kuimba ni kimoja na kughani ni kingine, na kwamba anayeghani vizuri hana deni kwa mwimbaji yeyote.

Florence Shaw, huyo mwanamke wa bendi ya Dry Cleaning, hata kughani hasa haghani, kwa kuwa hana mahadhi. Anasema. Kabla ya bendi alikuwa mchoraji na mwalimu wa chuo, hajawahi kuimba popote, na maneno mengi aliyaokota: matangazo ya biashara, maandishi ya watu mtandaoni, vipande vya mazungumzo alivyokuwa akiviandika. Hiyo orodha ya sokoni uliyoisikia, mzee, umeisikia sawasawa. Jaribu hivi: siku moja usimfuate yeye, mfuate Tom Dowse kwenye gitaa. Kwenye albamu yao ya kwanza, New Long Leg ya 2021, John Parish aliyewarekodi amemweka Shaw karibu kabisa na sikio, sauti kavu, kama mtu anayekunong'oneza ndani ya basi, na nyuma yake gitaa linapanda, linalia, linakasirika. Kila kitu ambacho uso wa yule mwanamke unakificha, gitaa linakitoa. Kwa hiyo kuimba kupo, ila kumegawiwa kwa mwingine.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba baada yao wengi wameiga. Kwa miaka kadhaa kila bendi changa ya Uingereza ilikuwa na mtu anayesema kwa sauti ya kuchoka juu ya besi nzito, na wengi wao hawana la kusema. Wet Leg, wale wa kisiwa cha Wight, walifaulu kwa sababu wana mdundo wa kuchezeka na viitikio vinavyonasa. Februari 2023 walichukua Grammy mbili, ikiwemo ya albamu bora ya muziki mbadala. Mwambie kijana akupigie na hao. Na wewe mpigie utenzi mmoja, aseme ni nani kati yao anayelijua neno.

Indie ni nini hasa? Bendi zinajaza viwanja na bado zinaitwa indie. — Msomaji wa Morogoro

Asili yake ni nani anamiliki rekodi. Mwishoni mwa 1976 bendi ya Buzzcocks ya Manchester walikopa pauni 500, wakajirekodi, na Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 wakaziuza wenyewe. Kutoka hapo vijana wengi Uingereza waliona kwamba kampuni kubwa si lazima, na zikazaliwa lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi, ndogo na zinazojitegemea. Baadaye neno likahama, likaanza kumaanisha sauti fulani ya magitaa. Siku hizi linatumika kwa yote mawili, na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Fontaines D.C. wa Dublin wanajaza kumbi kubwa, lakini albamu yao Romance ya 2024 imetoka XL, lebo ambayo haiko chini ya kampuni tatu kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner. Kwa maana ya zamani ni indie. Ukitaka kujua, geuza kasha usome nyuma.

Geese wa New York wamesifiwa kupita kiasi, sema kweli. — Msomaji wa Eldoret

Sioni hivyo. Najua sauti ya mwimbaji wao, Cameron Winter, inawakera watu, inayumba kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Lakini weka Getting Killed, iliyotoka Septemba 2025, na usikilize dramu za Max Bassin tu, mwanzo mpaka mwisho. Yule kijana anajua kuacha nafasi. Wapiga dramu wengi ninaowafungia maiki huogopa ukimya, wanaujaza kwa matoazi.

Shikamoo dada. Tuko wanne hapa Mwanza, tunapiga roki yetu kwa Kiswahili kwenye chumba cha kaka yangu. Kila mtu anatuambia huo ni muziki wa wazungu na vifaa vyetu ni vibovu. Tuendelee? — Mpiga gitaa, miaka 19

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

La wazungu kwanza. Miaka ya 1970, Zambia, vijana wa Lusaka na miji ya migodi ya shaba walipiga roki yao kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, gitaa likikwaruza vikali. Leo inaitwa Zamrock. WITCH, walioongozwa na Jagari Chanda, walinyamaza kwa miongo, na mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Jagari akiwa mzee. Nairobi mwaka 2020 vijana wawili kwa jina la Duma walitoa albamu yenye kelele za kutisha kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ikasikilizwa mbali sana. Anayekwambia roki si yetu, mwambie amechelewa miaka hamsini.

La vifaa: Mdou Moctar wa Niger alianza na gitaa alilojitengenezea kwa mbao, nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli. Nyimbo zake za mwanzo zilisambaa Sahara kwa kadi za kumbukumbu za simu, mtu akimrushia mwenzake. Anaimba Kitamasheki, haombi radhi, na leo yuko Matador, moja ya lebo za indie zinazoheshimika Marekani. Julai 2023 jeshi lilipindua serikali Niger naye na wenzake wako ziarani Marekani. Mipaka ikafungwa, wakakwama ugenini. Ziara ilipoisha waliingia studio Brooklyn, wakazirekodi upya nyimbo za albamu yao Funeral for Justice bila gitaa za umeme. Toleo lile lilitoka 2025 kwa jina la Tears of Injustice. Sikiliza yote mawili, moja baada ya jingine. La kwanza ni hasira, la pili ni msiba, na nyimbo ni zilezile. Humo utajifunza kwamba kifaa hakiubebi wimbo ambao haupo, na wimbo uliopo haukwami kwa kukosa kifaa.

Mimi nilipoanza kazi hii, kwenye ukumbi mmoja hapa Dar nilikuta mtu amefunika miksa kwa kitambaa cha meza ili nisiiguse, eti mwanamke ataunguza. Nilikaa kwenye kiti pembeni nikasubiri. Kipaza kilipoanza kupiga mluzi na bwana harusi akaziba masikio, waliniita wenyewe. Nafahamu ulichokiandika.

Sasa fanyeni hivi. Simu ya kurekodia isikae mbele ya amplifaya; iwekeni juu ya kabati, upande wa pili wa chumba, katikati ya mpiga dramu na mpiga besi. Tundikeni blanketi zito ukutani nyuma ya dramu. Gitaa lako lipunguze, najua hutaki, lipunguze. Mwimbaji asimame pale simu ilipo, maana atakuwa wa kwanza kumezwa. Pigeni wimbo mmoja mara kumi bila kusimama hata mkikosea, na mchague ile ambayo mliangaliana. Mtaijua mkiisikia.

Mkimaliza msiisikilize kwenye spika nzuri. Isikilizeni kwenye simu ya mama, jikoni, sufuria zikiwa motoni. Besi ikisikika hapo, nitumie.