Beki wangu ana miaka 16, tumeshachelewa?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Edmonton, mwaka wa tisa sasa. Mwanangu wa pili anacheza magongo ya barafuni, namba ya beki, ametimiza miaka 16 na mwili wake mdogo. Wenzake wawili wameshaitwa na timu za WHL, ile ligi kubwa ya vijana huku magharibi ya Kanada. Yeye, timu zilipochagua vijana kwa zamu, alichaguliwa mwishomwisho na simu haijapigwa. Baba yake anasema pesa ya viatu vya barafu sasa iwekwe kwa ajili ya ada ya chuo. Mtoto anatujibu, "Hata Cale Makar alipitia ligi ndogo." Ni kweli, au ananipiga fiksi? Mama wa Beki.

JIBU: Marahaba, mama. Hakupigi fiksi. Na umemuuliza mtu anayehusika, maana huyo Makar, beki nyota wa NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni Amerika Kaskazini, nilimwona kabla hajawa Makar.

Mwaka 2016 nilikuwa Brooks, nakata nyama kiwandani. Ni mji mdogo mashariki ya Calgary, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na ukipanga foleni dukani unasikia Kisomali, Kiarabu cha Sudani na, siku ukiwa na bahati, Kiswahili cha Bukavu. Timu ya mji, Bandits, ilikuwa ligi ya jimbo la Alberta, AJHL. Jamaa wa zamu yangu alinivuta uwanjani kwa ahadi ya kahawa. Nilikwenda kwa sababu nje ilikuwa hasi 25.

Sikujua sheria hata moja. Kijana nilimtambua kwa miguu. Beki wengine wakipata paki, kile kisahani cheusi, pale kwenye mstari wa buluu, walikipiga mbele haraka kama kinawaunguza. Yeye anakaa nacho. Anafungua nyayo, kisigino kwa kisigino, kiatu kimoja kimetazama huku na kingine kule, anateleza kiubavu kufuata mstari kama kaa wa Tongoni. Mpinzani anamfuata. Akishazidisha hatua moja tu, kijana anakata anarudi alikotoka, na njia ya golini ni nyeupe. Jamaa yangu akaninong'oneza, "Huyo hatukai naye."

WHL nayo ilimtaka, kwa mbali: Medicine Hat Tigers walimchagua mwaka 2013, raundi ya nane. Hakwenda. Enzi hizo ukicheza WHL, vyuo vya Marekani vilikufungia mlango, na yeye alitaka chuo. Ndiyo maana tulikuwa naye Brooks misimu miwili. Juni 2017 Colorado Avalanche, waliokuwa wamemaliza mkiani kabisa NHL, wakamchagua wa nne kati ya vijana wote. Wa nne, kutoka ligi ya jimbo! Wiki ile kila mtu kiwandani alidai amewahi kushikana naye mkono.

Hata hapo hakukimbilia pesa. Akaenda Chuo Kikuu cha Massachusetts, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi tano tu msimu mzima. Mwaka wa kwanza alipata pointi 21, yaani magoli na pasi za magoli pamoja. Akarudi mwaka wa pili: pointi 49 katika mechi 41, na chuo kikafika fainali.

Sasa hesabu naye siku nne za Aprili 2019. Tarehe 12 anapewa Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Tarehe 13 anafungwa fainali 3–0. Tarehe 14 anasaini Colorado. Tarehe 15 anakanyaga barafu ya NHL kwa mara ya kwanza, tena mechi ya mchujo, tena dhidi ya Calgary, mji aliozaliwa, na kipindi cha kwanza hakijaisha ameshafunga. Mimi nilikuwa nimehamia Calgary, naangalia kwa kinyozi. Nilishangilia peke yangu, nusu kichwa kimenyolewa, nikatazamwa kama mchawi. Calgary tulifungwa 6–2.

Yaliyofuata mwanao anayajua kuliko mimi: tuzo ya chipukizi 2020, na 2022 Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, beki bora, mchezaji bora wa mchujo, akiwa na miaka 23.

Lakini mama, kijana wako amekusimulia nusu. Makar hakukosa pa kwenda, alichagua. Na sababu yake haipo tena: tangu Agosti 2025 vyuo vinapokea hata waliocheza WHL, kwa hiyo nafasi zile zile zinagombewa na wengi zaidi. Baba naye amekosea kidogo. Ada ya chuo na viatu vya barafu si lazima viwe vikapu viwili, maana viko vyuo vinavyomlipia mchezaji masomo. Ila vinaangalia na alama za darasani, na hapo mwambie mtoto asinitaje mimi wala Makar.

Kamuone kocha, mtoto asiwepo. Muulize anampa dakika ngapi kila mechi, na kama anamruhusu kukaa na paki au anamfokea aipige mbele. Akikwambia anamfokea, tafuteni timu nyingine, hata iwe ya mji wenye taa moja ya barabarani. Benchi la ligi kubwa halimfundishi beki mdogo kitu. Na wewe ukikaa jukwaani, achana na ubao wa magoli, mwangalie miguu. Ukimwona anatembea kama kaa, niandikie.