Kupima figo sio lazima sindano ya mgongoni, anza na mkojo

Huku Kisumu ukimwambia mtu mzima aende apime figo anakuangalia kama umemtakia mabaya, juu kichwani mwake kupima figo ni ile sindano ndefu ya mgongoni ama moja kwa moja mashine ya kuosha damu. Nimeliona hili kwa shangazi yangu wa Kondele, ana presha miaka mingi, miguu ikaanza kuvimba, akiamka uso umefura, na bado hospitali hataki kwa sababu jirani alimwambia watamkata kipande cha figo. Alikubali tu nilipomwambia shangazi, leo wanataka mkojo na damu kidogo, basi. Na kweli siku hiyo hawakutaka kingine.

Mkojo ndio watu wanaudharau na ndio unaongea mapema. Figo ni kama chujio la chai, likianza kutoboka protini inapita, na hapo unaweza kuwa huskii maumivu yoyote. Kile kijiti wanachochovya kwa mkojo kinaonyesha protini na damu, lakini kama umekunywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi na kinaweza kukudanganya. Kwa hivyo mwenye sukari ama presha aombe kipimo kinaitwa ACR, kinalinganisha albumini (aina ya protini) na kreatinini (taka inayotoka kwa misuli) kwa mkojo huohuo, hakuna haja ya kubeba mtungi wa mkojo wa masaa 24. Chini ya 30 mg/g uko sawa, 30 hadi 300 figo imeanza kuumia, ikipita 300 hiyo sio ya kungoja. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri zaidi, na mama akiwa kwa siku zake ama mtu akiwa na homa asubiri kwanza ipite.

Kwa damu wanapima kreatinini. Tafadhali usikubali kuambiwa "iko sawa" ukaenda nyumbani, uliza eGFR ni ngapi, yaani makadirio ya jinsi figo zinavyochuja damu, juu figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu kabla kreatinini haijapita kiwango. eGFR ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu huo ni ugonjwa sugu wa figo, ndio maana kipimo kimoja hakitoshi, lazima urudie. Halafu kreatinini inatoka kwa misuli, kwa hivyo mzee aliyekonda anaweza kuonekana mzima na figo zimeshachoka, na hapo kuna kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei misuli sana. Na hii iliniuma nilipoisoma: fomula ya eGFR ya 2009 ilikuwa inamwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16, yaani figo zako zinaonekana nzuri kuliko zilivyo, hadi 2021 ndio Marekani wakatoa fomula mpya isiyoangalia rangi. Uliza maabara yako wanatumia gani.

Altrasaundi nayo haina uchungu, ni jeli na kile kifaa wanapitisha tumboni na kiunoni. Inaonyesha mawe, mkojo uliozibwa na tezi dume, na ukubwa wa figo, zikiwa zimesinyaa mara nyingi shida ni ya kitambo.

Sasa bayopsi yenyewe, ile sindano ya mgongoni inayotoa kipande kidogo cha figo kikapimwe. Kuna wakati haiepukiki, mfano mgonjwa wa lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, juu matibabu yanategemea figo imeumia vipi ndani. Lakini hata hapo mambo yamebadilika: kuna ugonjwa mmoja unaomwaga protini nyingi, membranasi nefropathi, tangu 2009 ilijulikana wagonjwa wake wengi wana antibodi (askari wa kinga ya mwili) ya PLA2R kwa damu, na miongozo ya 2021 ya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, inasema ikipatikana kwa mtu mwenye dalili za ugonjwa huo bayopsi inaweza kuachwa. Kwa hivyo daktari akikuandikia sindano muulize kwa heshima, daktari, kuna kipimo cha damu kinaweza kujibu hili swali kwanza? Na akisema lazima, mwambie kila dawa unayomeza hasa aspirini, wafarini na zile za maumivu tunazonunua tu duka la dawa bila kuandikiwa, kwa sababu hatari kubwa ya bayopsi ni kuvuja damu, na jipange kulala chali masaa kadhaa baada yake, mtu wako awe karibu.