Mada yangu ni ongezeko la watu, mwalimu kanirudishia rasimu: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, niko chuo hapa Tanga, nasomea maendeleo ya jamii. Tumepewa kazi ya kuandika makala ya kitaaluma ya kurasa 15, nami nikachagua "Ongezeko la Watu Kupita Kiasi Duniani na Athari Zake". Nimegusa njaa, ukataji miti, mabadiliko ya tabianchi, ukosefu wa ajira, magonjwa na msongamano wa mijini. Mwalimu kanirudishia rasimu ameandika kwa wino mwekundu: "Hoja iko wapi?" Takwimu ninazo nyingi, ila sijui nizifanyeje. Nianzie wapi? Halafu, kweli Tanzania imezidiwa na watu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako hakukuonea. Umetaja mambo sita, na kila moja linajitosheleza kuwa kitabu. Kwa kurasa 15 kila jambo litapata kurasa mbili na nusu, nazo zitaishia kusema yale ambayo msomaji alikuwa anayajua kabla hajafungua makala yako. Lakini upana wa mada si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kwamba rasimu yako imeanza na jibu. Umeshakata shauri kuwa watu wamezidi, kisha ukakusanya kila baya lililoko duniani ukalibandika hapo. Utafiti unaanza na swali ambalo jibu lake linaweza kukusuta.

Kwa hiyo kwanza jiulize: watu wamezidi nini? Wamezidi maji ya Mto Zigi yanayokingwa pale bwawa la Mabayani na kutufikia mabombani? Wamezidi mashamba ya miinuko ya Lushoto? Wamezidi madarasa ya shule za msingi za Jiji? Shika kimoja tu. Kisha chagua mahali, kisha miaka. Kwa hapa kwetu miaka iliyo rahisi kufanyia kazi ni ile iliyo kati ya sensa mbili, yaani 2012 na 2022, kwa sababu ndiyo yenye hesabu ya watu wote hadi ngazi ya kata.

Mimi ningechukua madarasa, na nitakueleza kwa nini. Swali lako lingekuwa hivi: msongamano wa wanafunzi katika shule za msingi za Jiji la Tanga kati ya 2012 na 2022 umetokana kwa kiasi gani na kuongezeka kwa watoto wenye umri wa kwenda shule? Mwenye haraka atajibu papo hapo kwamba watu wanazaana sana. Subiri kwanza. Januari 2016 serikali ilianza kutekeleza elimu bila ada, shule ya msingi hadi kidato cha nne. Watoto waliokuwa wanakaa nyumbani, baadhi wakiwa wameshapitiliza umri, wakaletwa kuandikishwa. Hao hawakuzaliwa 2016. Walikuwepo, ila hawakuwa wakionekana darasani. Wapo tena waliohamia mjini na wazazi wao. Na upande wa pili wa hesabu kuna madarasa na walimu: vimeongezwa vingapi katika miaka hiyo?

Sasa tazama takwimu zako zinavyopata kazi ya kufanya. Sensa inakupa idadi ya watu kwa umri, kwa hiyo utajua watoto wa miaka 7 hadi 13 walikuwa wangapi mwaka 2012 na wangapi 2022. Takwimu za elimu za TAMISEMI, au ofisi ya afisa elimu msingi wa Jiji, zitakupa walioandikishwa darasa la kwanza hadi la saba kwa miaka hiyohiyo. Ziweke safu mbili pembeni kwa pembeni. Ukikuta walioandikishwa wamekua haraka kuliko watoto wenyewe, lile pengo halitokani na uzazi, linatokana na sera au na watoto waliochelewa kuanza. Ukikuta vimekwenda sambamba, basi wingi wa watoto una uzito mkubwa na utasema hivyo bila woga. Kwa vyovyote vile umepata hoja, na mwalimu ataweka kalamu nyekundu kando.

Kabla hujagawanya wala kuzidisha chochote, kagua mipaka. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia. Mfano mzuri ni jirani zetu wa Bagamoyo. Sensa ya 2012 iliihesabia wilaya hiyo watu 311,740. Ukifungua matokeo ya 2022 utakuta Halmashauri ya Bagamoyo ina watu laki mbili na ushei tu. Je, watu laki moja wamekwenda wapi? Hawajaenda popote. Baada ya sensa ya 2012 Chalinze ilimegwa ikawa halmashauri inayojitegemea, na watu wake sasa wanahesabiwa peke yao. Ukijumlisha Bagamoyo na Chalinze za 2022 unavuka laki tano. Nimewahi kusoma kazi ya mwanafunzi iliyoeleza kwa kirefu sababu za "kupungua kwa watu Bagamoyo", yenye nadharia na michoro ya rangi, wakati kilichobadilika ni ramani. Kata nazo humegwa, kwa hiyo linganisha orodha ya kata za 2012 na za 2022 kabla hujafanya hesabu.

Kosa la pili ni la kasi ya ongezeko. Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la asilimia 37.4 kwa miaka kumi. Wengi wanagawa kwa kumi wanapata 3.7 kwa mwaka, nao wamekosea, kwa sababu walioongezeka mwaka huu mwakani nao wamo kwenye msingi wa hesabu. Fanya hivi: gawa idadi ya mwisho kwa ya mwanzo, utapata 1.374. Tafuta logi asilia yake kwenye kikokotoo (kitufe cha ln), utapata 0.318. Gawa kwa miaka 10, unapata 0.0318, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka, na ndicho kiwango kilichotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ukitaka kujua idadi itajirudia mara mbili lini endapo kasi itabaki hivyohivyo, gawa 70 kwa 3.2. Jibu ni miaka 22 hivi. Hilo neno "endapo" usilifute kwenye makala yako.

Ukishajua hesabu hiyo, ifanye kwa mikoa uone mambo. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 ukafika 2,615,597, kasi ya asilimia 2.5, chini ya wastani wa nchi. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947, asilimia 6.1. Hakuna mkoa unaoweza kufika asilimia sita kwa kuzaa peke yake, hata kama kila nyumba ingekuwa na mtoto mgongoni. Hao wa Pwani wengi wamehamia. Nenda Mapinga au Kerege kwenye barabara ya Bagamoyo uone viwanja vilivyonunuliwa na watu wa Dar es Salaam na nyumba zinazoinuka. Kwa upande wetu Tanga, kasi ndogo inauliza swali lake: tunazaa wachache, au vijana wanaondoka? Majedwali ya sensa kuhusu mahali mtu alipozaliwa na anapoishi ndiyo ya kukujibu.

Na hili la kuhama si geni kwetu. Sensa ya 1967 iliukuta mji wa Tanga ukiwa wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Kilichoukuza ni mkonge. Manamba walitoka mbali kuja kukata katani, na bei ya katani ilipoporomoka mji ukapoa na Mwanza ikatupita. Anayeandika historia ya watu wa Tanga kwa kuhesabu vizazi na vifo tu, mkonge akauacha, ameacha nusu ya habari.

Nadharia zisikusumbue sana, kurasa mbili zinatosha. Thomas Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kuzidishana ilhali chakula huongezeka kwa kujumlishwa, hivyo njaa haikwepeki. Ester Boserup mwaka 1965 akaja na upande mwingine: watu wakibanana kwenye ardhi hubuni njia za kuilima zaidi. Halafu kuna dau la 1980 kati ya Paul Ehrlich, mwanabiolojia, na Julian Simon, mchumi. Walishindania bei za metali tano kwa miaka kumi. Ehrlich alidai zitapanda kwa sababu watu wanazidi, zikashuka, na mwaka 1990 akamlipa mwenzake dola 576.07. Hadithi tamu, lakini usiifanye ushahidi mkubwa, maana miaka kumi ni michache na bei za metali huyumba kwa sababu nyingi.

Afadhali uzipime nadharia hizo kwa mifano ya karibu. Machakos, Kenya, watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, lakini utafiti wa Mary Tiffen na wenzake uliotoka 1994 ulionyesha kuwa mmomonyoko wa udongo ulipungua, kwa sababu wakulima walijenga makinga-maji na soko la Nairobi lilikuwa jirani. Wapo waliowapinga. Soma pande zote mbili. Kisha tazama Lushoto: katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuokoa udongo, wakapinga, kina mama wakiwa mstari wa mbele, mpaka mpango ukaachwa. Nako watu walikuwa wamebanana na ardhi ilikuwa ikichoka. Tofauti iko katika nani aliamua na nani angebeba kazi. Hapo una aya nzuri ya mjadala bila kwenda mbali.

Kuhusu dunia, aya moja ya utangulizi inatosha. Umoja wa Mataifa uliitaja tarehe 15 Novemba 2022 kuwa siku watu walipofika bilioni 8. Tenganisha wingi na kasi: wingi unaendelea kupanda, lakini kasi ilivuka asilimia 2 kwa mwaka katika miaka ya 1960 na sasa iko chini ya asilimia 1. Makadirio yao ya 2024 yanasema idadi itafika kileleni kwenye bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080, kisha ianze kushuka. Kila unapotaja makadirio taja na mwaka yalipotolewa, kwa sababu hubadilishwa mara kwa mara. Mabadiliko ya tabianchi yatoe kabisa. Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa takriban theluthi moja ya tani ya kaboni dioksidi kwa mwaka au pungufu, Mmarekani tani zaidi ya 13. Ukilazimisha wingi wa watu ueleze jambo hilo, takwimu zako mwenyewe zitakugeuka.

Sasa, je, Tanzania imezidiwa? Wastani wa nchi ni watu 70 hivi kwa kilomita moja ya mraba. Uholanzi wanapita 500 na hawajafa njaa. Wastani huo haukusaidii kitu, maana Kilindi na miinuko ya Lushoto zimo mkoa mmoja na hazifanani hata kidogo. Mimi nikiulizwa nasema kinachotubana ni kasi kuliko wingi. Na kasi hiyo haitulii upesi hata tukizaa wachache. Kwa tafiti za afya ya uzazi za kitaifa, mwanamke alikuwa akizaa wastani wa watoto 6.2 mwaka 1991–92, na ilipofika 2022 ni 4.8. Bado idadi inapanda kwa sababu wasichana waliozaliwa wengi zamani ndio kina mama wa leo. Hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake, kina mama wenyewe ni wengi. Lielewe hilo vizuri kabla hujaandika sentensi yoyote kuhusu uzazi wa mpango, na tafadhali nimeona kwenye rasimu za wenzako "wanawake wa vijijini wanazaa ovyo". Hiyo ni kashfa, haina hata jedwali la kuisimamia.

Ukienda uwandani, usiwaulize walimu kama wanadhani watu wamezidi. Watakujibu ndiyo, na hutakuwa umejua lolote. Uliza wanachokijua: mkondo wa mchana ulianza mwaka gani, darasa la kwanza la mwaka fulani liliandikishwa wangapi, chumba cha mwisho kilijengwa lini. Omba kuona rejista za zamani. Ingia darasani uhesabu dawati moja moja wamekaa wangapi, uandike na siku na saa, kwa sababu hesabu ya Jumatatu asubuhi na ya Ijumaa mchana hazifanani.

Usirudi kuandika kurasa 15 mara moja. Andika swali lako kwa sentensi moja, chini yake sentensi moja ya jibu unalolitarajia, na ya tatu inayosema ni takwimu gani zikitokea zitakuonyesha kuwa umekosea. Mpelekee mwalimu karatasi hiyo. Akiikubali, siku hiyohiyo omba barua ya utambulisho chuoni, kwa sababu shuleni hawatakufungulia rejista bila kibali cha halmashauri, na kibali hicho husubiriwa.