Uzio wa futi 8 na barua ya HOA

SWALI: Shikamoo anti. Sisi ni Watanzania tunaishi Texas, mwaka jana tumenunua nyumba kwenye mtaa wenye HOA, yani ule umoja wa wenye nyumba. Mi navaa hijabu, na jirani wa nyuma ana ghorofa, akisogea tu dirishani anaona mpaka mkeka tuliokalia, kwahiyo mume wangu na shemeji wakajenga uzio wa mbao futi 8, wikiendi moja tu umekwisha. Juzi imekuja barua ya rejista ya HOA, inasema hatukuomba ruhusa, mwisho ni futi 6, na uzio umegeuzwa. Tuutoe. Nyumba si yetu jamani? Barua nimeiweka juu ya friji sitaki hata kuiona. Mama wa Wawili.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Itoe hiyo barua juu ya friji leo leo uangalie tarehe iliyotumwa, maana kwa sheria ya Texas una siku 30 kuanzia hapo, sio kuanzia ulipoifungua, za kuomba kwa maandishi bodi ya HOA ikusikilize. Ukinyamaza zikapita, faini zinaanza na nafasi yako ya kujieleza imeenda. Na ukishaomba, siku 10 kabla ya kikao lazima wakupe picha na karatasi zote wanazotaka kuzitumia, wasipokupa una haki kikao kisogezwe siku 15.

Nyumba ni yenu, ndio, lakini siku mliyonunua mlipokea na masharti ya mtaa, yale wanayoita CC&R, yamesajiliwa kaunti na yanamfunga kila anayenunua hata kama hakusoma ukurasa mmoja. Kwetu ukinunua kiwanja unapandisha ukuta na vipande vya chupa juu na hakuna anayekuuliza, ndo maana wengi wetu tunaumia hapa, na mi naumia nikiona familia inalipa mara mbili kwa kitu ambacho fomu moja ingekimaliza.

Kuna watu watakwambia sheria ya 2021 inaizuia HOA kukukataza uzio wa usalama. Ni kweli, ila sheria hiyo hiyo inawaachia kupanga ni uzio wa aina gani, kwahiyo usiende nayo kichwani ukadhani umeshinda.

Hilo la kugeuzwa ni hivi, nenda kasimame upande wa jirani uangalie: ukiona nguzo na zile mbao za kulala basi mmempa yeye mgongo wa uzio, na masharti mengi yanataka upande msafi utazame nje. Hilo lirekebisheni tu bila kubishana, kung'oa mbao na kuzipigilia upande wa pili ni kazi ya siku mbili tatu na nguzo zinabaki pale pale.

Nguvu zako ziweke kwenye urefu. Omba ruhusa maalum ya futi 8 kwa upande wa nyuma peke yake, pembeni mshuke futi 6, ukikubali kupunguza pembeni wanaona umekuja kuelewana. Piga picha ukiwa umesimama mlango wa jikoni, lile dirisha lionekane vizuri, na sema wazi kwamba ni stara, dini yako inakutaka ujisitiri, usione aibu kuliandika. Kama jirani ni muungwana mwombe asaini kwamba hana pingamizi. Wakikataa, kaeni na futi 6 halafu ndani yake mpande miti ya kijani mwaka mzima, ila nayo muiombee ruhusa kwanza.

Halafu ulizeni na mji, kibali cha mji ni kitu kingine kabisa, HOA kukubali hakukufutii hicho. Na shemeji kabla hajagusa shimo lingine apige 811, namba ya kuulizia vilivyofukiwa ardhini, siku mbili tatu mapema, wanakuja kuweka alama bure, mabomba ya gesi na nyaya mara nyingi yanapita huko huko nyuma ya nyumba.