Kabla ya Kujenga Makumbusho, Zungumza na Walinzi wa Shehia

Mwaka niliostaafu ualimu nilianza kukusanya masalio ya shughuli za mafuta hapa Pemba. Vijana wengi hushangaa wakiyasikia hayo, kwani kwao habari za mafuta Zanzibar zimeanza na Sheria ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2016 na ule mkataba wa utafutaji mafuta wa Oktoba 2018 na kampuni ya RAK Gas. Wazee wanajua zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 BP na Shell walichimba kisima kilichoitwa Pemba-5, wakashuka zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi bila ya kupata mafuta ya kufanyia biashara, na watu wa Tundaua walikuwa wakijua mafuta yanayojichuruzikia wenyewe ardhini.

Vitu nilivyovipata havikuwa vya kutisha: kipande cha bomba nene, boliti zilizoshikana kwa kutu, mapipa mawili, karabai moja isiyo na kioo, na madebe. Nakiri kwamba nilichokipenda zaidi ni debe. Hili lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4, yaani lita 18 hivi, likifungashwa mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Mafuta yakimalizika bati huwa ndiyo kwanza linaanza kazi: lilichotewa maji, likapimiwa mpunga, likafumuliwa na kunyooshwa likaezekea banda la mbuzi, na kipande kilichobaki fundi akakitengenezea koroboi iliyorudi kuchoma mafuta yale yale. Hadi leo tunasema debe hata chombo kikiwa cha plastiki.

Vyuma hivi niliviweka katika chumba kilicho kando ya sakafu ya kuanikia karafuu, nikanunua kufuli kubwa, na sikumwambia mtu, nikiamini kwamba siri ndiyo ulinzi. Usiku mmoja wa Ramadhani, watu wakiwa tarawehe, kufuli lilikatwa, na bomba, boliti na pipa moja vikaondoka. Asubuhi jirani yangu alinisalimu, kisha akaniambia kwa upole, "Maalim, sisi watatu tuliokuwa barazani tuliwaona wakipakia kwenye gari. Tukadhani umeuza skrepa."

Maneno yale yaliniuma kuliko wizi wenyewe. Watu watatu waliona, na hata mmoja hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa mimi sikuwapa sababu hiyo. Nilipokwenda kutoa taarifa polisi niliulizwa uzito wa bomba, alama zake na picha yake, nami nikabaki kueleza kwa mikono kama mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa yeyote anayefikiria kuhifadhi kumbukumbu za viwanda, iwe ni mitambo ya mafuta ya petroli, kinu cha mafuta ya nazi au sufuria la kupikia makonyo (vikonyo) ya karafuu ili kutoa mafuta, ni kwamba aanze kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala hapa Zanzibar, na mlango na rangi vije baadaye. Utaratibu wa polisi jamii, ambao ulipewa nguvu nchi nzima kuanzia mwaka 2006 Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, umejengwa juu ya jambo moja jepesi: anayekaa mtaani huona mapema kuliko askari aliyeko kituoni. Lakini mtu hulinda anachokijua. Mwombe sheha akupe nafasi katika kikao cha shehia, uwaite askari wa shehia na vijana wa ulinzi shirikishi, uvibebe vitu vyenyewe hadi pale na uwaache watu wavishike. Nilipofanya hivyo mzee mmoja aliligeuza pipa langu lililobaki, akaonyesha mahali lilipobonyea, akasema mapipa kama yale waliyabingirisha kutoka pwani wakiwa vibarua. Nusu saa nzima hapana aliyetazama simu, na tokea siku hiyo pipa lile likisogezwa hatua mbili tu, naulizwa.

Daftari ni la lazima. Kila kitu kipewe namba, kipimwe kwa mizani, kipigwe picha pande zote, na kiwekewe alama ndogo mahali pasipoonekana kwa haraka. Kisha nenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ukawaonyeshe picha hizo kabla hujaibiwa, kwa heshima na bila ya kumtuhumu mtu, maana wengi wao hawataki mzigo utakaowapeleka mahakamani.

Usitangaze kwamba unanunua. Kosa hilo nalo nilikwisha kulifanya: nilisema nitatoa chochote kwa atakayeniletea chuma cha zamani, na ndani ya wiki moja nililetewa kifuniko cha kisima cha watu. Nilikirudisha mwenyewe, nimeinamisha kichwa.

Vijana wa ulinzi nao wawekewe mipaka iliyo wazi. Kazi yao ni kuona, kuuliza, kuandika namba ya gari na kumwita askari. Kupiga mtu au kumfunga kamba hakumo, na kikundi kinachoonea watu hupoteza macho ya mtaa mzima, kwa kuwa hapana atakayekipa habari tena. Jambo jengine la usalama: pipa la zamani la mafuta lisikatwe wala kuchomelewa ovyo hata likionekana tupu, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Huko Titusville, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mahali Edwin Drake alipopata mafuta mwaka 1859 kwa kina cha mita 21 hivi, pana makumbusho yenye mnara wa kuchimbia, lakini mnara huo ni wa kuigiza. Ule wa awali uliungua mwaka ule ule. Wao walipata pa kuigizia kwa sababu picha na maandishi yalibaki. Kwa hiyo mrekodi mzee kwa simu yako leo, mwulize ujira ulikuwa kiasi gani, walikula nini, nani aliumia.

Nakala moja ya daftari nimempa sheha, na ya pili nimeipeleka Chake Chake kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe. Ya tatu ninayo nyumbani ndani ya debe lenye kifuniko, kwa sababu mchwa wa kwetu hawachagui karatasi.