Kutoa hesabu Excel na kuzipeleka kwenye ripoti ya Word inayoharirika

Ninaandaa makabrasha ya mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo), na kila mwaka hali ni ile ile: hesabu zote ziko Excel, bodi inataka ripoti ya Word. Bodi ina haki. Mwenyekiti atabadili maneno, mhasibu atasahihisha tarakimu, kamati ya usimamizi itaongeza maelezo chini ya jedwali. Ripoti inapita mikono mingi kabla ya kuchapwa, kwa hiyo jedwali lisiwe picha. Jedwali lililopigwa picha ya skrini na kubandikwa ni safi machoni pa aliyelibandika tu; mwenzake akikuta jina la tawi limekosewa hana la kufanya ila kupiga simu.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika Excel. Usinakili shiti unayofanyia hesabu. Fungua shiti mpya kwenye faili hilo hilo, iite Ripoti, uvutie humo yale tu yatakayosomwa. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za sentimita 2.54 kila upande, unabakiwa na karibu sentimita 16. Safu tano au sita za mamilioni ya shilingi zinakaa vizuri hapo. Kumi na mbili hazikai, hata upunguze ukubwa wa herufi kiasi gani. Ikiwa lazima miezi yote ionekane, laza ukurasa huo peke yake, au toa takwimu kwa robo mwaka. Mimi huchagua robo mwaka, kwa sababu wanachama wengi husoma kabrasha wakiwa wamelishika mkononi ukumbini.

Kumbuka pia kwamba Word hupokea kile kinachoonekana kwenye seli. Seli ikionyesha #### kwa sababu safu ni nyembamba, utabandika ####. Seli iliyoficha desimali itapeleka namba iliyokadiriwa, na hapo ndipo jumla hukataa kulingana na vipengele vyake kwa shilingi moja au mbili. Mwanachama atakayejumlisha kwa kikokotoo cha simu ataliona, na atauliza mbele ya wote. Tumia fomula ya ROUND kwenye kila kipengele kwanza, ndipo ujumlishe. Halafu kuna mistari iliyofichwa: ukichuja kwa filta, Excel hunakili inayoonekana tu, lakini mistari uliyoificha kwa mkono hunakiliwa pia na kujitokeza kwenye ripoti. Chagua eneo lako, bonyeza Alt pamoja na nukta-mkato (;) ili zichaguliwe seli zinazoonekana tu, kisha nakili.

Kwenye Word, bofya kulia na uchague kubandika kwa mtindo wa hati unayoandika, ili jedwali lichukue fonti ya ripoti. Liamuru lienee upana wa ukurasa, panga tarakimu upande wa kulia, na kwenye sifa za jedwali weka kichwa kijirudie kila ukurasa na mstari usikatike katikati. Wanaotumia LibreOffice wabonyeze Ctrl+Shift+V na kuchagua RTF. Wakibandika kawaida, mara nyingi hupata kipande cha Calc (Excel ya LibreOffice) kilichopachikwa badala ya jedwali la Writer (Word yake).

Kupachika ndiko kunakonitia hofu kuliko yote. Ukibonyeza Ctrl+Alt+V na kuchagua kubandika kama kitu cha Excel, jedwali litatokea zuri kabisa, lakini ndani ya hati umeweka faili zima. Anayepokea ripoti akibofya mara mbili anaona shiti zote: majina, namba za simu, wadaiwa sugu, kila kitu. Chati zikibandikwa kwa chaguo la kupachika hufanya vivyo hivyo. Ukitaka kuhakikisha, tengeneza nakala ya ripoti, badilisha kiishio chake kutoka .docx kuwa .zip, ifungue, utazame ndani ya folda ya word. Ukikuta folda ndogo inayoitwa embeddings yenye faili la .xlsx, usiitume ripoti hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Lakini hata pasipo sheria, mwanachama alitukabidhi siri zake kwa imani. Kwa sababu hiyo hiyo sipakii hesabu za wanachama kwenye tovuti za kubadilisha faili bure. Chati, tofauti na jedwali, naona ni sawa kabisa kuibandika kama picha.

Kuna pia njia ya kuliunganisha jedwali na Excel ili namba zikibadilika zijisahihishe. Inafaa wakati unaandika peke yako kwenye kompyuta moja. Kabla ya kuituma hati, chagua jedwali na ubonyeze Ctrl+Shift+F9 kukata kiungo, maana faili la Excel haliko kwa mwenzako.

Barua za salio kwa kila mwanachama zina taabu yake. Menyu ya Mailings kwenye Word huchukua orodha ya Excel na kujaza barua, lakini huacha nyuma mapambo ya namba: riba ya 12.5% hutokea 0.125, milioni hukosa koma, tarehe hugeuka mwezi ukatangulia siku kwa mtindo wa Marekani. Dawa rahisi ni kuongeza safu za maandishi kule Excel: =TEXT(D2,"#,##0") kwa fedha, =TEXT(E2,"dd/mm/yyyy") kwa tarehe, na =TEXT(C2,"0000000000") kurudisha sifuri ya mwanzo kwenye namba ya simu. Kisha barua isome safu hizo.

Mwisho, usichape moja kwa moja. Chagua kutoa barua zote kama hati moja inayoharirika, usome ya kwanza, ya mwisho, na ya mwanachama asiye na mkopo. Hiyo ya tatu ndiyo huumbua, maana itamwambia mtu kwamba anadaiwa shilingi 0 na kwamba alipe kabla ya tarehe fulani. Tengeneza safu nyingine Excel yenye IF: deni likiwa sifuri iandike "Huna mkopo unaodaiwa", likiwepo iandike sentensi kamili ya kiasi na tarehe, na barua ichukue sentensi hiyo nzima badala ya namba.