Maswali na Majibu: Kuvua kwa Nzi Bandia Ufukweni Wakati wa Kusi

Barua nyingi za safari hii zinahusu upepo. Waliouliza huvua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na dagaa au uduvi, nao huvua wakiwa wamesimama ufukweni, si chomboni.

Ndugu mwandishi, mimi huvua Diani. Tangu upepo wa kusi uanze, kila nikirusha, ndoana hunipiga kichwani au mgongoni. Nakosea wapi? (Msomaji, Ukunda)

Mkono wako hauna kosa. Tatizo ni namna unavyosimama ukilinganisha na upepo. Pwani yetu kwa sehemu kubwa hutazama mashariki, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo anayeielekea bahari hupigwa na upepo kwenye bega la kulia, na ikiwa anarusha kwa mkono huohuo, mshipi wote husukumwa kuelekea mwilini mwake. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, na anayepata taabu huwa ni mwenye kutumia mkono wa kushoto.

Dawa iliyo rahisi ni kuipa bahari mgongo. Rusha mbele kuelekea nchi kavu, kisha mshipi unaporudi nyuma, uachie uende majini. Mkono wako wa kulia sasa uko upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, na ndoana inapita mbali na sikio. Mwanzoni utaona kama mchezo wa kitoto, lakini baada ya mazoezi ya asubuhi chache utashangaa umbali unaoufikia. Angalia tu ni nani aliye mbele yako: Diani kuna watalii, wachuuzi na ngamia, na hakuna hata mmoja wao anayetarajia ndoana. Njia ya pili ni kuulaza ufito wa kuvulia juu ya bega la kushoto ilhali mkono wa kulia ndio ulioushika. Utapoteza umbali kidogo, lakini hutaumia. Kwa vyovyote vile, vaa kofia na miwani, na uibane kwa koleo ile ncha ndogo inayozuia ndoana isichomoke, kwani ndoana isiyo nayo hutoka mwilini kwa urahisi.

Nina ufito namba 8. Muuzaji ananishauri ninunue namba 12 ili niushinde upepo. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Nisingekushauri hivyo. Namba ya ufito huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa, na namba 12 ni ya samaki wakubwa, kama vile sulisuli, na kuirusha asubuhi nzima ufukweni kutakuchosha mkono. Mkono ukichoka, kitanzi cha mshipi kinachotangulia angani hupanuka, na kitanzi kipana ndicho kinachokamatwa na upepo. Namba 8 inafaa, namba 9 au 10 inafaa zaidi, na fedha zinazobaki ni afadhali uzitumie kununulia mshipi. Chagua ule unaozama polepole: kwa uzito uleule huwa mwembamba kuliko unaoelea, kwa hiyo huukata upepo vizuri, tena hukaa chini kidogo ya mawimbi badala ya kuyumbishwa nayo. Uzi wa mbele, unaounganisha mshipi na nzi na ambao kwa kawaida huwa na urefu wa futi 9, ukate ubaki 6 au 7.

Nzi pia huchangia. Manyoya mengi hushika upepo kama tanga, basi tumia wembamba. Clouser Minnow, mtindo wa nzi uliobuniwa na Mmarekani Bob Clouser mwaka 1987, una macho ya chuma yanayouzamisha haraka, nami naupenda sana kwa maji yenye mawimbi. Lakini macho hayohayo yakikupiga kisogoni utayakumbuka, kwa hiyo usiutumie kabla hujajifunza niliyoyaeleza kwa msomaji wa Ukunda.

Je, si bora kungoja siku ya utulivu? (Msomaji, Kilifi)

Ukingoja utulivu katika miezi ya Juni hadi Agosti, utangoja sana. Isitoshe, upepo una faida zake. Mawimbi huufukua mchanga na kuwatoa kaa wadogo na uduvi, maji hupoteza ung'avu kiasi kwamba samaki hakuoni, na kolekole huja kuwinda hapohapo kwenye povu, mara nyingi mahali ambapo maji hayafiki kiunoni. Kosa la wengi ni kuingia majini hadi kifuani na kurusha mbali, hali samaki wamebaki nyuma yao. Simama mahali pakavu kwanza, urushe hatua chache tu sambamba na ufuko, ndipo usogee.

Nyakati pia zina maana. Alfajiri upepo huwa mdogo kuliko alasiri, na maji yanapojaa siku za bamvu, yaani siku za maji makuu, samaki huvuka mwamba na kusogea karibu. Siku ambayo alfajiri na maji kujaa vimekutana, usilale.

Mshipi hunizunguka miguuni na kujaa majani ya baharini. Nifanyeje? (Msomaji, Bagamoyo)

Funga kikapu au beseni la plastiki kiunoni, na uukusanye mshipi humo unapouvuta.

Naruhusiwa kuvua Watamu? (Msomaji, Malindi)

Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Watamu na Malindi, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua kwa njia yoyote, hata kama unamrudisha samaki majini. Nje ya mipaka hiyo, uliza kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali, kisha wasalimu BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachousimamia ufuko huo. Wao ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi.

Maji yakichafuka sioni ninapokanyaga, nami naogopa samaki aitwaye taa. (Msomaji, Mafia)

Una haki ya kuogopa. Vaa viatu vyenye soli ngumu, na uburute miguu mchangani badala ya kuinyanyua, kwani taa akiguswa ubavuni hukimbia, bali akikanyagwa mgongoni huchoma. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, maana joto hupunguza maumivu, kisha apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani ya kidonda.